Mteremko Ambao Haukuporomoka

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Carrollton, kando ya Dallas, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo, nikatoka na begi moja bila kujua ninakwenda wapi. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu nilipoacha shule kule Mombasa, kabla hata ndevu hazijaota, miguu yangu imekuwa ikiamua mambo kabla ya kichwa. Nimepakia mizigo uwanja wa ndege, nimeosha magari ya kukodisha Irving, nimeendesha basi dogo la kanisa ambalo si la dini yangu, na kila kazi niliiacha siku nilipohisi nimeshaelewa inavyokwenda.

Kwenye kituo cha mafuta nilimkuta Mzanzibari mmoja muuza vitambaa na viungo, tunayejuana naye kwa salamu, anafunga mlango wa nyuma wa gari lake.

"Safari ya wapi?" akaniuliza.

"Popote."

"Popote mbali, bwana. Mimi mwisho wangu Houston."

"Basi Houston inatosha."

Akalitazama begi, kisha akateremsha macho hadi miguuni kwangu. "Na hivyo viatu vya nini? Joto lote hili, mtu kavaa viatu vya vita."

Vilikuwa viatu vya mlimani, vizito, vya ngozi, vyenye meno chini. "Nilipewa na mzee mmoja," nikasema. "Siku hizi anakaa Houston." Nilipojisikia nikisema hivyo nilijua kwamba miguu ilikuwa imeshaamua tena. Nilikuwa na habari ya kumpelekea mzee huyo, habari ya mwezi uliotangulia, na mara kadhaa nilishika simu nimwambie nikaiweka. Haikuwa habari ya simu. Wala sikuwa na hakika kama ingemfurahisha au ingemchoma upya.

Tulimwita Papa Gidi, papa kwao ni baba. Gidi ndivyo Wakongo wa mashariki wanavyomwita mtu anayeongoza wageni porini na milimani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwao, kwenye mlima Ruwenzori, upande wa Kongo, ambako kileleni kuna barafu ingawa jua la ikweta liko juu yake. Halafu ikaja vita, ikaja kambi, ikaja Texas. Nilipomfahamu mimi alikuwa akibandika karatasi za anwani kwenye maboksi katika ghala moja la Irving, nami nikiyapakia. Mimi aliniita Mombasa tu, kama vile mji mzima ulikuwa umekuja kufanya kazi naye.

Kila asubuhi kabla ya zamu alikaa kwenye ukingo wa saruji nje ya ghala na chai yake ya rangi, simu sikioni, akisikiliza taarifa ya theluji ya milima ya Colorado na New Mexico. Taarifa hiyo hutolewa majira yote ya baridi, kwa ajili ya watu wanaotoka nje ya njia zilizotengenezwa na kwenda kutembea wenyewe milimani. Inaeleza ni theluji gani imeanguka, upepo umeivuta upande gani, na hatari ya maporomoko imefikia ngazi ya ngapi, kuanzia moja hadi tano. Akimaliza, anatutangazia.

"Leo ni tatu."

"Tatu ya nini, Papa?" mtu mpya angeuliza.

"Ya mlima."

"Papa, hapa mlima mkubwa ni daraja la barabara kuu."

"Njo maana siangalii ya hapa." Njo yake ni ndiyo yetu, na watu kwake ni batu.

Alikuwa akisema kwamba tatu ndiyo namba mbaya kuliko zote. Ikiwa nne au tano batu banaogopa, wanabaki nyumbani na kupika. Ikiwa moja, mlima umelala. Lakini tatu, kila mtu anajiona ana akili ya kutosha. "Tatu inaua wenye akili," alisema. Mimi ambaye shule niliiacha njiani nilipenda sana msemo huo, nikautumia kwa mambo mengine mengi, hata ya mapenzi.

Haikuwa elimu ya kuzaliwa nayo. Mwenyewe alikiri kwamba alipofika Marekani na kupanda milima ya huku kwa mara ya kwanza, alijiona mwenyeji, akakata katikati ya mteremko akipiga mluzi. Vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa chini wakampungia mikono kama watu wanaofukuza ndege shambani. Aliposhuka wakamweleza alikuwa amesimama wapi. Badala ya kukasirika aliwauliza walijifunzia wapi, na majira ya baridi yaliyofuata akaenda kukaa darasani pamoja na vijana wenye umri wa wajukuu zake. "Theluji ya kwetu ni mzee," alisema. "Imekaa hapo tangu babu, inajulikana tabia yake. Ya huku ni mgeni. Kila wiki anakuja mwingine, analala juu ya yule wa kwanza, na wewe hujui kama wamepatana."

Jambo hilo la kupatana ndilo alilonifundisha jikoni kwake. Alikaa na binti yake, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, katika nyumba ya ghorofa karibu na reli. Alichukua sinia, akatandaza sukari chini. Hiyo, akasema, ni theluji ya mwanzo wa baridi, iliyokaa kidogo tu, siku nyingi za anga kavu, mpaka ikageuka chembe zisizoshikana. Juu yake akamimina unga wa mhogo, akaushindilia kwa kiganja hadi ukawa bamba. Hiyo ni theluji mpya iliyoshindiliwa na upepo. Halafu akapanga njugu juu ya unga, kila njugu mtu mmoja.

"Baba, huo unga ni wa fufu ya leo," binti akasema.

"Tutakula wali."

"Na sukari?"

"Nyamaza uone."

Akainua sinia upande mmoja polepole. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha akagusa kwa kidole kimoja tu, na bamba lote la unga likakatika kwa mstari ulionyooka, likateleza, likamwagika mezani na njugu zote ndani yake. Binti alishika kiuno. Papa Gidi alikuwa amekwisha kuanza kuzitafuta njugu ndani ya unga kwa ncha ya kijiko, bila haraka, moja baada ya moja, na hakula hata moja.

Alitaka nijue pia mteremko gani wa kuogopa. Akanitoa nje, akanionyesha ngazi za ghorofa. "Kama hizi. Ikiwa mkali sana, theluji haikai. Ikiwa mpole, haiondoki. Ile inayokukumbusha ngazi za nyumba, hiyo njo yenyewe." Tangu siku hiyo siwezi kupanda ngazi bila kuziona nyeupe.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa tahadhari katika kila kitu, na kwa kweli alikuwa na woga usioeleweka. Kwenye barabara kuu hakuendesha kamwe. Kutoka Irving hadi Mansfield alipita vichochoro na mitaa ya nyumba, safari ya muda mfupi ikamla nusu ya asubuhi. Mbwa wa jirani, mdogo kama paka, alimfanya avuke barabara. Lakini gari lake halikuwahi kubadilishwa mafuta ya injini mpaka lilipozimika, na shinikizo la damu lilikuwa jambo la wazungu. Ndevu alizipaka rangi nyeusi kila mwezi na kumbishia yeyote aliyesema ameona kikopo bafuni. Alikuwa mzee wa kanisa na hapo hapo alichukia maombi marefu. Akiona dua inavuka kipimo alianza kukohoa, kwanza kwa adabu.

Kuna mwaka theluji ilianguka Dallas na mji ukasimama. Watu wote wa ile nyumba walitoka kupiga picha, watoto wakateleza kwa vifuniko vya masanduku ya plastiki. Papa Gidi alishuka na kijiko cha chakula. Akaenda mahali upepo ulipokuwa umerundika theluji kwenye ukuta wa chumba cha kufulia nguo, kina cha magoti hivi, akaichimba mpaka ikasimama wima, akapiga magoti akazihesabu tabaka zake. Tulimcheka mpaka machozi yakataka kuganda. "Papa, ukuta huo wa kufulia nguo utaporomoka?" Yeye alipitisha kijiko kutoka juu kwenda chini, akisikiliza. Nadhani ile ilikuwa siku yake ya furaha kuliko zote nilizomwona.

Mtu aliyemcheka zaidi siku ile alikuwa mchungaji wa kanisa lao la Wakongo. Walikuwa wametoka wilaya moja, wakavuka mpaka katika mwaka mmoja, na kila Jumapili baada ya ibada walikula sahani moja, ingawa mchungaji alikuwa mdogo kwa umri kiasi cha kuwa mwanawe. Mchungaji alifanya kazi kiwandani siku za wiki. Jumapili alivaa suti ya rangi ya maziwa. Nao ndio walioanzisha safari ya kwenda kuomba mlimani.

Kwao, mtu mwenye jambo zito hufunga, akapanda mlima kuomba. Texas ya kaskazini imelala kama mkeka. Wengine waliridhika na kuomba kwenye maegesho ya juu ya jengo la maduka, lakini mchungaji hakuridhika, na Papa Gidi akasema milima anaijua. Basi kila mwaka, mwezi wa pili, kundi lilijaza basi la kanisa, dereva mimi, tukapita Amarillo, tukaingia New Mexico, tukapanda hadi barabara inapoishia. Kutoka hapo walitembea kwa viatu vya theluji, vile vipana kama ungo, mpaka uwanda mmoja wenye misonobari ambapo waliimba na kuomba wakiutazama upande wote wa mashariki. Mimi niliwafuata kwa udadisi tu. Papa Gidi ndiye aliyenipa viatu hivi, alipoona navaa raba.

Masharti yake yalikuwa machache. Kila mmoja akodi na kuvaa kifaa cha mawimbi kifuani, kinachosaidia kumpata mtu aliyefukiwa, na abebe koleo na fimbo ndefu ya kudungia theluji. Kuimba ruhusa: mama mmoja aliposema sauti itaangusha mlima, mzee alimwambia theluji haina masikio, kinachoiangusha ni uzito. Na pale njia inapokata mteremko wa wazi, watu wavuke mmoja mmoja, wengine wamesimama mahali salama wakimtazama. Likitokea baya, limchukue mmoja, na wote waliobaki wawe na mikono ya kumchimbua. Yeye mwenyewe alivuka wa mwisho siku zote. Nilimuuliza kwa nini, maana gidi si huenda mbele? "Wote banatazamwa na batu wa pande mbili," akasema. "Wa mwisho hana mtu nyuma yake. Hiyo nafasi siwezi kumpa mtu."

Sharti hilo la mmoja mmoja liliwaumiza wale watu, na mimi mtu wa Pwani ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Wao walikuwa wametembea msituni wakikimbia, mkono wa kila mtu begani kwa aliye mbele, na waliofika ni wale ambao hawakuachana. Mchungaji alikuwa na dada yake. Kwenye mto, mtumbwi ulijaa, dada akaambiwa asubiri unaofuata. Hawakumwona tena. Kila tulipofika kwenye mteremko ule na kundi likaanza kukatwa kuwa mtu mmoja mmoja, mchungaji alikuwa akitazama chini na kufunga upya kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Mwaka wa tatu, tulifika baada ya theluji nyingi na upepo mkali. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi, anga buluu, hakuna jani linalotikisika. Taarifa ilisema tatu. Papa Gidi alisita kwenye maegesho, akasema twende tuone, twende polepole. Tulikuwa bado kwenye misonobari, mteremko wa wazi uko mbele yetu, niliposikia chini ya miguu sauti nzito, fupi, kama mtu mnene anayeketi kwenye godoro kuukuu. Theluji yote tuliyosimama juu yake ilishuka kidogo, upana wa kidole labda. Wengine walicheka. Mzee akainua mkono.

"Tunageuka," akasema.

"Papa, mteremko ndio ule, tumefika," mchungaji akasema.

"Umesikia ile sauti?"

"Nimesikia."

"Ni sukari hiyo, imevunjika chini ya unga. Hapa kuna miti, hapana shida. Pale mbele hakuna miti."

"Watu wamefunga siku tatu. Mama huyu mwanawe ana kesi ya karatasi za kukaa nchini wiki hii. Wamekuja kwa ajili ya mahali pale."

"Mungu anasikia hata kwenye maegesho."

"Basi tuvuke kwa haraka. Wote pamoja, tushikane mikono, mimi mbele."

"Wote pamoja njo mbaya zaidi."

Mchungaji akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, lakini kule hakuna kelele ya kuficha kitu. "Wewe kila mwaka unanigawia watu wangu. Mmoja mmoja, mmoja mmoja. Mimi nilishamwambia mtu asubiri zamu yake, Papa. Sitarudia."

Mzee akaenda akasimama katikati ya njia iliyokanyagwa, akaegemea fimbo yake. "Utapita hapa," akasema, "ukinisukuma."

Hakuna aliyemsukuma mzee. Tuligeuka. Waliomba kwenye maegesho, karibu na gari la kusukuma theluji, na moshi wake ukawaingia puani. Wakati tunavua viatu vya ungo tukawaona watelezaji wawili, mwanamume na mwanamke, na mbwa wao, wakikata mteremko ule ule, kisha wakashuka nao hadi barabarani wakicheka, mbwa akiogelea nyuma. Mteremko haukuporomoka. Ulibaki pale, mweupe, umechorwa mistari miwili.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Amarillo, tulipokula, mchungaji alikaa meza nyingine. Kabla hatujafika Irving mtu alikuwa amekwisha kumpa mzee jina, Papa Tugeuke, na jina hilo likatembea Mansfield hadi Carrollton. Mwaka uliofuata safari haikufanyika. Jumapili mzee alikaa viti vya nyuma, na ile sahani ikawa sahani mbili.

Nilimuuliza mara moja, kwenye ukingo wetu wa saruji, kama ana hakika siku ile alikuwa sahihi. "Sijui," akasema. "Wewe uliacha shule, utaelewa. Mlima haurudishi mtihani uliosahihishwa. Ukirudi nyumbani mzima, hujui ilikuwa akili ao ilikuwa bahati. Wale wenye mbwa, nao hawajui." Aliniambia hivyo kwa utulivu, lakini chai yake ilipoa mkononi. Muda si mrefu binti yake akapata kazi Houston, naye akaenda naye. Hapakuwa na sherehe ya kuagana.

Barabara ya kwenda Houston haina hata kilima cha kumkumbusha mtu kuna kupanda duniani. Mzanzibari aliniuliza habari za viatu, nikamsimulia yote haya, naye akanishusha mbele ya majengo ya ghorofa ya binti, kusini-magharibi mwa mji, akasema, "Mpe salamu zangu huyo mzee wa barafu. Mwambie mimi nimeshaogopa." Hewa ilikuwa nzito kama taulo lililolowa. Ngazi zilikuwa na mteremko ule ule, na Papa Gidi alikuwa amesimama juu, mikono nyuma. Ndevu zilikuwa nyeupe kabisa. Alikuwa ameacha kupaka.

"Mombasa. Weye unakimbia nani?"

"Sikimbii, Papa. Napita tu."

"Miaka yote unapita. Panda."

Ndani, wajukuu walinisalimu kwa Kiingereza na kurudi kwenye televisheni. Binti alileta chai. Aliniambia, mzee akisikia, kwamba bado anasikiliza taarifa kila asubuhi. "Houston hii, joto hivi, anani-disturb na namba zake za theluji."

Nikampa habari yangu. Mchungaji alikuwa amerudisha safari mwezi wa pili, nami nilikuwa dereva. Papa Gidi aliweka kikombe chini.

"Namba ilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Upepo?"

"Hapana. Siku nyingi hapana."

"Chini ya miguu mulisikia kitu?"

"Tulisimama mara nyingi kusikiliza. Kimya."

"Vifaa vya kifuani?"

"Kila mtu. Mchungaji aliwakagua mwenyewe."

"Mulivuka namna gani?"

"Mmoja mmoja. Aliwaambia walioko huku waimbe mstari, walioko ng'ambo waitikie, ili anayevuka asiwe peke yake."

Papa Gidi akasimama, akaenda jikoni, akarudi na sinia, na pakiti ya unga, na njugu kwenye bakuli.

"Baba, unga huo," binti akasema.

"Tutakula wali."

Hakuweka sukari safari hii. Alitandaza unga, akaushindilia, akanisogezea bakuli. "Nionyeshe." Nikazipanga njugu ng'ambo, zimekusanyika, kama walivyokuwa wamekusanyika kwenye misonobari ile wakiitikia. Nikaacha moja upande wa huku.

"Huyu wa mwisho ni weye?"

"Hapana. Mimi nilivuka katikati. Huyo ni mchungaji. Mama mmoja alitaka kubaki naye, akakataa. Alisema hiyo nafasi ina mwenyewe, na leo yeye anaishika tu."

Papa Gidi aliitazama njugu ile kwa muda. Kisha akaiwekea ncha ya kidole, akaanza kuisukuma juu ya unga, polepole, akisimama, akisukuma tena, mpaka ikazigusa zile nyingine. Unga haukupasuka. Akakung'uta kidole chake, akamgeukia binti yake.

"Mtandikie Mombasa kile chumba cha watoto," akasema. "Na viatu hivyo aviache ndani. Inje vitaloa."